Ufa Uliochorwa na Mawese

Ninyi vijana wa Mangobo mnanicheka nikipita na fimbo yangu. Mmenipa jina, papa Ufa, juu ya kuwa kila kitu ninachokiona, ukuta wa nyumba, daraja, hata sahani ya mama muuza mboga ya pondu, ninakikaribia kwanza nikitafuta kimepasuka wapi. Chekeni tu. Lakini kila mmoja wenu anayetumiwa tikiti na tonton, mjomba wake wa Kinshasa, anakuja kwangu peke yake, pembeni, sauti chini: “Papa Rama, ile avion iko namna gani? Nipande?” Hapo sijaona anayecheka.

Donc, basi, ninaandika mara moja kwa wote. Sikusoma sana, niliacha shule nikiwa bado kwenye primaire. Lakini nilibeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa kwetu Kisangani miaka mingi, nikasafisha matumbo ya ndege, nikasafiri nazo kulinda mizigo, na moja ikaanguka nami nikiwa ndani. Wazee wenzangu waliostaafu wanapewa mkono na picha ukutani. Mimi nilistaafishwa na mguu.

Mnataka jibu la ndiyo au hapana. Ndege za zamani zina nyufa? Ndiyo. Zote, hata zile zinazong’aa. Basi tusipande? Ngojeni kwanza.

Angalieni baiskeli ya toleka, ile inayobeba abiria. Ile rayon, waya wa gurudumu, haikatiki kwa shimo moja. Inapindwa kidogo na kunyooka, kidogo na kunyooka, abiria mmoja mnene, mwingine mwembamba, mfuko wa muhogo, mpaka siku moja barabarani pazuri kabisa, hakuna shimo wala jiwe, inasema ta! Imekatika. Na ukiangalia pale ilipokatika, nusu ya kidonda ni nyeusi ya zamani. Ilikuwa imekatika nusu tangu kitambo, na wewe ulikuwa unapiga kengele tu.

Ndege ni hivyo. Huko juu hewa ni nyepesi, mtu hawezi kuivuta, kwa hiyo wanaijaza ndege hewa ndani kama mpira. Inavimba kidogo. Ikishuka, inanywea. Bati linavutwa, linaachiliwa, kila safari. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema ndege hii ina miaka fulani, bado hujasikia kitu. Ndege kubwa inayovuka bahari inapanda mara moja na kukaa angani siku nzima. Ya kwetu inapanda Kisangani, inashuka Kindu, inapanda, inashuka Goma, inarudi hivyo hivyo. Inavimba na kunywea kama shavu la mpiga tarumbeta. Inazeeka upesi kuliko dada zake, hata kama walizaliwa siku moja.

Haya yote sikuyavumbua mimi. Nilifundishwa na mama Béa, mekanisie, fundi mwenye diploma yake ya ndege, mwanamke mfupi aliyekuwa akitembea na tochi mchana. Tulimcheka sana. Fataki, mwenzangu wa kubeba, mtu wa Maniema kama mimi, alikuwa akimwambia, “Mama ingénieur, jua iko hapa juu, ao hauione?” Naye anajibu akiwa ameinama chini ya bawa, “Jua haiingiake kwenye tundu ya riveti, papa Fataki. Sogeza ule mutumbo yako, inanifungia mwangaza.”

Riveti ni zile pini zinazoshika mabati pamoja. Ufa unapenda kuanzia hapo, kwenye tundu la pini, juu ya kuwa hapo ndipo bati lilitobolewa. Mama Béa alitufundisha kuangalia. Weka tochi pembeni, ilale karibu na bati, usilimulike moja kwa moja, na kila mkwaruzo utatupa kivuli. Pitisha kucha, ufa unaishika kucha, mkwaruzo wa rangi hauishiki. Na ukiona riveti ina alama nyeusi nyuma yake, kama moshi uliovutwa na upepo, ujue inacheza ndani ya tundu lake. Fataki alipoonyeshwa moja alisema, “Hii iko inavuta tumbaku kuliko papa yangu.” Tangu siku hiyo sisi wote tuliziita riveti za kuvuta. Unakuta mtu anamwita mama Béa, “Kuja uone, hapa wanavuta watatu.”

Sasa niwaambie kuhusu mawese.

Kwetu ndege ya abiria hairuki bila mawese. Mnajua. Mtu anakwenda Goma kumwona dada yake, atapeleka nini, mikono mitupu? Anapeleka bidon, dumu la mawese. Na wafanyabiashara wanaongeza zao, na samaki wabichi ndani ya mabeseni, maji yakicheza. Sisi tulizipanga kwenye soute, ile nafasi ya mizigo iliyo nyuma, chini ya miguu ya abiria. Kifuniko cha bidon kinafungwa na kipande cha nailoni na mpira, na kila safari bidon moja inavuja. Maji ya samaki nayo yanashuka chini ya sakafu, mahali ambapo ufagio haufiki, yanakaa huko yakitafuna bati polepole. Kila kampuni ilijua. Hakuna aliyetaka kumwambia mama mfanyabiashara, samaki wako wapande boti.

Kazi yangu asubuhi ilikuwa kufuta tumbo la ndege kwa kitambaa na petroli kabla abiria hawajafika. Chef d’escale wetu, mkubwa wa kampuni pale uwanjani, hakupenda abiria waone madoa mekundu. Jina lake Lokwa. Ninaliandika makusudi. Lokwa, mwenye viatu vyeupe.

Madoa ya mawese yanadondoka, yanatawanyika, kila siku yana sura yake. Lakini kwenye ndege yetu moja, karibu na mlango wa nyuma, kulikuwa na mstari. Mwembamba kama unywele, mwekundu, umepita sawasawa kutoka riveti hii hadi hii, kama mtu aliyechora kwa rula. Ninaufuta, bati linakuwa jeupe. Ndege inakwenda Kindu na kurudi, mstari umerudi palepale. Si karibu na pale. Palepale.

Tulifanya nini? Tukamgombeza mama Aziza. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa mawese, bidon zake ndizo zilizokaa pembe ile. Lokwa alimfokea mbele ya watu kwamba bidon zake ni mbovu. Akabadilisha bidon, akaleta mpya zenye kifuniko cha kuzungusha, mstari ukarudi. Akanyimwa nafasi kabisa, pembe yake ikapewa mwingine, mstari ukarudi. Fataki akasema mama Aziza ametuloga. Sisi wote tulikuwa tunaangalia mawese. Hakuna aliyejiuliza yanatokea wapi.

Mama Béa alikuwa ametumwa Bunia kwa kazi nyingine. Aliporudi alinikuta na kitambaa mkononi. Aliinama, akaweka tochi pembeni ya mstari.

“Papa Rama, unafutaka hii tangu siku gani?”

“Tangu kitambo, mama. Ni bidon.”

“Bidon iko ndani. Weye uko inje. Mafuta inapitaka kwenye bati nzima?”

Alipitisha kucha, kucha ikashikwa. Akatoa kalamu nyeusi, akaweka alama ndogo pale mstari ulipoishia, kila upande. Akasema nisiufute tena. Ndege iliondoka, ikarudi, tukaenda kuangalia sote watatu, Fataki akishika tochi bila mzaha. Ule mstari mwekundu ulikuwa umevuka alama ya kalamu. Kidogo tu, kama punje ya mchele. Lakini umevuka.

Ninawaambia, nimeona nyoka, nimeona vita vikipita mjini kwetu, risasi zikiingia kwa jirani. Sijaona kitu kilichoniogopesha kama ile punje ya mchele.

Mama Béa aliandika kwamba ndege isiruke mpaka bati likatwe na kuwekwa jingine. Siku hiyo abiria walikuwa wameshafika, wamekaa juu ya mizigo yao. Alisimama mbele yao mwenyewe, akawaambia ndege ina ugonjwa. Unajua walimwambia nini? Mmoja mwenye koti, “Madame, tuko na kazi, hatuko na wakati ya theatre.” Mama mmoja, “Huyu mwanamuke ni wa kampuni ingine, banamutuma aharibishe.” Wakapiga makofi wakidai kupanda. Kwa hiyo nikitaja wenye makosa, naanza na sisi wenyewe. Tunaogopa kuchelewa kuliko kufa.

Halafu anakuja Masudi, mwenye kampuni. Alishuka kutoka gari lake, akaangalia tumbo la ndege akiwa amesimama wima, hakuinama hata kidogo. Akasema, “Béa, hapa si Ulaya. Avion yote ya hapa iko hivi.” Mama Béa akamwambia, “Ni kweli patron, yote iko na ufa. Lakini ile ingine batu wake banajua iko wapi na banaikata mbele ya kutembea. Hii inatembea.” Masudi akamgeukia Lokwa: “Pakeni rangi.”

Lokwa akaleta rangi. Mkanda mpana kutoka mlango wa nyuma mpaka mkiani, rangi ya damu ya mzee. Alisema ni mapambo mapya ya kampuni. Mawese juu ya rangi ile hayaonekani, hata uweke tochi kumi. Mama Béa alikataa kutia sahihi, akafukuzwa siku ileile, akaondoka na tochi yake mkononi. Fundi aliyekuja baada yake alitia sahihi, sitamtaja, alikuwa na njaa na watoto, na sasa ni marehemu. Lakini Masudi na Lokwa hawakuwa na njaa.

Vijana, mtaniuliza kwa nini niliendelea kupanda ile ndege. Kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo, basi. Kila mara nilipofunga mkanda nilijiambia, imerudi jana, itarudi leo. Kila aliyepanda ndege ile alikuwa anasema hivyo.

Siku ilipofika tulikuwa tumepanda kutoka Kisangani kwenda Kindu. Mimi na Fataki tulikaa viti vya nyuma, yeye dirishani, mimi upande wa njia. Alikuwa ananisimulia habari za shemeji yake aliyenunua mbuzi akaletewa mbwa. Kabla mbuzi hajafika nyumbani, nilisikia sauti kama mtu anapasua kitenge kipya sokoni, kirefu, kwa mikono miwili. Halafu mlio mkubwa. Halafu ukungu mweupe ndani ya ndege, ghafla, huwezi kuona kiti cha mbele. Masikio yangu yalijaa maumivu, na hewa yote ikakimbia kwenda nyuma, ikibeba kofia, karatasi, kiatu cha mtoto. Baridi isiyo ya nchi hii.

Ukungu ulipotawanyika niliona sakafu imezama upande wa Fataki. Yeye na kiti chake walikuwa wameinama, chini yake kulikuwa na mwanga. Mwanga mahali ambapo hapatakiwi kuwa na mwanga. Chini kabisa, kijani, msitu. Nilimshika mkono. Alikuwa anasema kitu, nilikuwa sisikii, nikaangalia mdomo wake. Sikuelewa. Nimeuangalia ule mdomo kichwani mwangu mara nyingi, hata leo sijaelewa.

Rubani aligeuza kurudi Kisangani. Zile kamba za chuma zinazovuta mkia zinapita chini ya sakafu, na sakafu ilikuwa imezilalia. Alikuja mpaka tukaona uwanja, tukaona nyasi zake, na ndege haikukubali kuinua pua. Tulipiga chini kabla ya kufika njia ya kutua. Wengine tulitoka. Fataki hakutoka, na rubani hakutoka, na wengi waliokuwa karibu na ule mkanda mwekundu. Mguu wangu ulibanwa kwenye chuma mpaka watu wa vijiji vya karibu walipokuja na mapanga na mikono.

Baadaye Lokwa alisema kwenye redio kwamba rubani alikosea. Rubani marehemu, atajibu nini? Masudi alilala kimya kidogo, kisha akafungua kampuni nyingine yenye jina jingine. Lokwa mnamwona, anakaa kiti cha mbele kanisani, viatu bado vyeupe. Nikimsalimia anajibu vizuri sana.

Mimi sikupanda tena. Nilikwenda Basoko kwa mashua, Bafwasende juu ya lori siku za mvua, nikasukuma lori lenyewe. Mtu akitaja ndege mikono yangu ilitoka jasho. Ningezeeka hivyo, vizuri.

Lakini mke wangu Zaina akapata uvimbe tumboni. Daktari wa Kisangani, kijana mwenye adabu, alisema lazima apasuliwe Kinshasa, na upesi. Kwa boti atafika amechelewa. Nilimwambia Zaina ataenda na mdogo wake, mimi nitabaki kulinda nyumba.

“Ulinde nyumba na nani? Kuku?”

“Zaina, unajua hali yangu.”

“Ninaijua. Na miye ninakuambia hivi. Weye njo mwenye kujua avion. Tafuta yenye iko muzuri. Kama iko muzuri, utapanda na miye. Kama haiko muzuri ya kupanda weye, basi hata ya kupandisha miye haiko muzuri.”

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Hayakuwa na tundu la kutokea.

Nikaenda uwanjani. Kulikuwa na kampuni mbili zenye safari. Kwenye ya kwanza kijana wa tikiti alinikaribisha vizuri. Nikamuuliza, “Avion yenu iko na ufa ngapi?” Akacheka, “Papa, ufa? Avion yetu haina hata moja, iko kama mupya. Angalia rangi.” Kweli, rangi ilikuwa mpya, unaisikia harufu. Miguu yangu iligeuka yenyewe, hata ule mbovu.

Kwenye ya pili nilimkuta mama Béa. Kichwa chote cheupe sasa, miwani shingoni. Hakunikumbatia, aliangalia mguu wangu kwanza, kama kawaida yake, anaangalia kilichovunjika. Nikamuuliza swali lilelile.

“Kuja,” akasema.

Akamwomba mlinzi aniruhusu, akanipeleka chini ya tumbo la ndege. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye fimbo. Akauweka mkono wangu juu ya kiraka cha bati, kipana kama sinia, riveti zake safu mbili, hakuna inayovuta. “Hapa ilikuwa ufa moya. Tulikata, tulitia bati ingine.” Akasogea mbele karibu na mlango. Kwenye kona kulikuwa na ufa mfupi, na mwishoni mwake tundu dogo la mviringo. “Huyu tulimutobolea mwisho. Ufa ikifika kwenye tundu ya duara inachoka, haipate pembe ya kuendelea. Tunamupima kila akirudi. Akipita tundu, avion inalala.”

“Na zingine?”

“Yenye ninajua nimekuonesha. Yenye sijue, sijue, papa Rama. Sitakudanganya.”

“Weye unapandaka ndani yake?”

“Kila safari. Kiti yangu iko nyuma.”

Nyumbani Zaina alikuwa anasukwa nywele na dada yake. Nikamwambia nimepata ndege, ina nyufa mbili, moja imekatwa na nyingine inapimwa. Dada yake akashika kichwa. Zaina akanitazama. “Batu wote banatafuta avion yenye haina ufa, bwana yangu anatafuta yenye iko nayo. Bon. Na utapanda?”

Nikasema nitapanda.

Nilipanda. Vijana, msinisifu. Nilipanda ngazi kama mzee wa miaka mia, nilikaa, nilifunga mkanda, na injini zilipolia nilishika kiti cha mbele mpaka mwenye kukikalia akageuka kunitazama. Kila sauti niliihesabu. Zaina alilala kabla hatujavuka mto, mdomo wazi, kama yuko kwenye kitanda chake. Mimi niliangalia sakafu chini ya miguu yake mpaka Kinshasa. Sikuangalia dirisha hata mara moja.

Basi jibu langu kwenu ni hili. Usiulize kama ndege ina ufa. Uliza nani anayeujua. Mtu akikuambia hakuna, ondoka, hata kama tikiti unayo mkononi. Na ninyi mtakaopata kazi ya kubeba pale uwanjani, ukifuta doa likirudi palepale, weka kitambaa chini uite mtu, piga kelele, hata abiria wakutukane. Acha wachelewe. Waliochelewa wanafika.

Zaina amepasuliwa, anaendelea vizuri, ameanza kugombana na wauguzi. Ninaandika haya nikiwa Kinshasa kwa shemeji yangu. Daktari amesema karibu tutaweza kurudi. Ndege ya mama Béa iko kwenye matengenezo, ile nyingine ya kurudi simjui fundi wake, na mikono yangu imeanza jasho upya. Jana nilimwambia Zaina kwamba nisipomwona huyo fundi kwa macho yangu, tutarudi kwa boti, hata mwezi upite.

“Basi umutafute mpaka umupate,” akasema, “juu miye na hii kidonda, kwa boti sipande.”

Kesho asubuhi ninaenda uwanjani kumtafuta.